Mashine ya Baba Inaelekea Lihungwe

Xiaobei,
Guangzhou, China.
24 Agosti 1997

Mpendwa Shangazi Odilia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa na uko peke yako. Usimpe Theophil akusomee, hata kama macho yanakusumbua. Najua ni mwanao na anasoma vizuri kuliko sisi sote, lakini ni mwanamume, na mengine yaliyomo humu si ya kusikiwa na wanaume. Vaa ile miwani uliyopewa na Sista, usome polepole.

Goti lako linaendeleaje? Bibi je, bado anakataa kujifunika blanketi jipya kwa kuogopa kulichakaza? Mwambie blanketi halikununuliwa ili litazamwe. Na kahawa nadhani sasa iko kwenye vichanja, na nyote mnashinda mkichambua. Nikifumba macho naisikia harufu yake, halafu nikiyafumbua nakuta ni harufu ya mafuta ya kukaangia ya mgahawa ulio chini ya dirisha letu.

Mimi ni mzima wa mwili. Joto la hapa ni kama la ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mvua inanyesha karibu kila alasiri na haipozi kitu, nguo hazikauki, na ukuta wa chumba una ukungu wa kijani mpaka juu. Chumbani nalala na Mama Agape, mfanyabiashara wa Mbeya, mama mmoja mkarimu ambaye anakoroma lakini anasali kwanza. Baba analala chumba cha pili na Mutua, Mkamba wa Nairobi. Walifahamiana kwenye ndege na tangu hapo hawaachani, ingawa wanatukanana kutwa.

Ulitaka kujua kwa nini Baba alinichukua mimi na si kaka zangu. Ni kwa sababu ya sikio. Tangu ile malaria na zile kwinini, sikio lake la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linachagua. Huku wenye maduka wanaongea kwa haraka, Kiingereza chao ni cha maneno machache, na yeye alikuwa anaona aibu kuuliza mara tatu. Basi mimi ndiye masikio yake. Unanijua nilivyo, hata darasani nilikuwa najibu kwa sauti ndogo mpaka mwalimu anasogea. Sasa nasimama mbele ya matajiri wa Zhanqian Road, wenye marobota ya suruali mpaka darini, namwuliza mtu bei, naye ananijibu "mei you", yaani hakuna, bila kunitazama. Jioni koo linaniuma kama niliyeimba kwaya.

Habari za shule sitaki kuziandika sana. Jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa kidato cha tano, na ulilia kuliko mimi, nakumbuka. Baba alisema nikaone dunia kwanza. Nimeiona kidogo. Sijaipenda sana.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Shangazi, Baba amenunua mashine ya kupimia madini. Ni fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini, juu ina kisanduku chenye mshale, na waya wa hedifoni za kuvaa masikioni. Ukiipitisha juu ya ardhi yenye chuma au fedha, inalia. Mwenye duka alificha sarafu chini ya zulia, mashine ikaiona, na Baba akacheka kama mtoto. Redio na saa alizokuwa anunue kwa ajili ya duka la Songea hazipo tena kwenye mzigo. Ipo mashine.

Nawe unajua anataka kupima wapi. Tangu nikiwa mdogo hadithi yake ni ile ile, kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia masanduku ya rupia pale kwenye boma lao la Lihungwe, na kwamba aliwahi kumwona mzee wa Kizungu akizunguka kilima na ramani, akapiga picha mawe, akaondoka bila kuaga. Zamani nilikuwa nacheka. Nilijua hana cha kuchimbia zaidi ya jembe, na kilima ni kikubwa.

Jumapili iliyopita alitaka kuijaribu. Hapa mjini kuna kisiwa kidogo kwenye mto, kinaitwa Shamian, ambako zamani Wazungu walijitenga wakakaa peke yao, na Mchina hakuingia ila kwa ruhusa yao. Nyumba zao za mawe zipo bado, zina nguzo na madirisha marefu kama ya misheni, na miti mikubwa inayoning'iniza mizizi kama ndevu. Kuna na kanisa dogo la Kikatoliki. Tulisali hapo asubuhi. Misa ilikuwa ya Kichina, lakini nilijua kila mahali tulipofika. Mashine ilikuwa chini ya benchi, ndani ya mfuko wa kubebea mipira.

Baada ya Misa tulianza nyuma ya nyumba moja inayobomolewa. Baba alishika fimbo, mimi nikavaa hedifoni, Mutua akakaa juu ya tofali kututazama kama mtu aliye kwenye sinema.

"Mzee Salva," akasema, "ulikuja kununua suruali ama ulikuja kulima?"

"Nyamaza, Mkamba. Wazungu ni wale wale. Walipokaa, lazima wameacha kitu."

"Wa hapa walihama polepole, mzee. Walibeba hata vijiko."

Hapo hapo nikasikia mlio. Baba akachimba kwa kisu, akatoa kijiko kilichopinda, akakiinua juu kabisa kumwonyesha Mutua. "Walibeba vijiko, eeh?"

"Hicho kilikuwa cha mboch," Mutua akasema. Kwa lugha yao ya Nairobi mboch ni mtumishi wa ndani. Tulicheka wote, hata mimi. Nakuandikia hilo ili ujue kwamba Baba si mtu mbaya, na kwamba siku ile ilianza vizuri.

Baada ya kijiko hatukupata kitu cha maana. Pale walipobomoa ukuta, misumari imetapakaa ardhini kama punje za ulezi, na mashine ilikuwa inalia kila mahali bila kupumua. Kichwa kilianza kuniuma. Mshale ulikuwa unarukaruka tu. Baba alichimba mara nyingi, kila mara msumari, akakasirika, akasema, "Hapa pamechafuka. Hapafai." Akaacha. Naomba uliweke neno hilo moyoni, Shangazi, nitalirudia.

Tukashuka ukingoni, penye mfereji unaotenganisha kisiwa na mji. Chini ya mti mmoja Baba akaona duara la majivu, na vijiti vyembamba vyekundu vimechomekwa ardhini, na machungwa mawili. Pamefagiwa pakawa safi. Akasimama. Akanishika bega.

"Unaona?" akaninong'oneza, lakini kwa vile hasikii, kunong'ona kwake ni kama kuita. "Hiyo ni alama. Hapo pamezindikwa. Watu hawafagii mahali patupu."

Mutua aliacha mzaha. Akasema, "Mzee, hiyo ni ya wenyewe, wacha." Baba hakusikia, au alisikia. Alisogeza machungwa kwa mguu, akapitisha mashine, na kweli ikalia. Akang'oa vijiti. Akachimba katikati ya majivu.

Akatokea bibi mmoja, umri kama wa Bibi yetu, amevaa suruali ya kitambaa cheusi, ana debe dogo mkononi na furushi la karatasi. Hakupiga kelele kwanza. Alitazama shimo, akatazama vijiti vilivyolala, akaketi chini palepale kwenye udongo kama mtu aliyekatwa miguu. Ndipo akaanza kusema. Sijui alisema nini. Alikuwa anamsema Baba, kisha ananisema mimi, kisha anausema mfereji. Mimi nilikuwa bado nimevaa hedifoni, na sauti yake ilikuja kwa mbali, na ndani ya masikio mashine ilikuwa inaendelea kulilia kile kilichokuwa chini. Tulipokitoa kilikuwa kifuniko cha bati. Labda kilitoka kwenye debe lake mwenyewe, siku nyingine.

Baba alimpa mkono kumwinua, akakataa. Tuliondoka haraka. Nilirudi peke yangu hatua chache, nikavichomeka vile vijiti tena, vibaya vibaya, maana vingine vilivunjika. Hakunitazama.

Hotelini kuna dada wa mapokezi anaitwa A-Fen, anajua Kiingereza kidogo na ananivumilia. Nilimwuliza. Aliniambia huu ni mwezi wao wa saba, mwezi ambao marehemu wanatoka kutembea, na watu wanawachomea nguo na fedha za karatasi ili wasitembee uchi wala na njaa. Nikamwuliza mbona pale penye mfereji. Akasema zamani watu wa mji waliandamana ng'ambo ya mfereji, na wanajeshi wa wageni waliokuwa kisiwani wakawapiga risasi, wakafa wengi. Labda huyo bibi ana mtu wake pale. Aliniambia hayo akiwa anapanga funguo, bila kuinua kichwa.

Shangazi, sikula siku ile. Nilikuwa namwona yule bibi, lakini kila nikimwona ana uso wako.

Nilikumbuka ile Novemba uliponipeleka Lihungwe mara ya kwanza, baada ya kuvunja ungo. Tulikuwa mabinti wa ukoo tu, hata Mama yangu hakuja kwa sababu ameolewa humo, hakuzaliwa humo. Tulifagia kwa matawi, hatukusema neno, ukanyunyiza unga wa ulezi. Na tuliposhuka mpaka mtoni ndipo uliponieleza kwamba wakati wa vita vya Maji Maji babu zetu walifungwa pale bomani, mnyororo mmoja ukipita shingo hadi shingo, wakafa kwa njaa mmoja baada ya mwingine, na walinzi hawakuufungua. Kwamba waliowazika ni wake na dada zao, na waliwazika hivyo hivyo na mnyororo wao kwa sababu ufunguo haukupatikana. Na kwamba wanaume wa ukoo hawakuambiwa ni wapi hasa, maana mwanamume akijua babu yake amelala na chuma shingoni hatatulia, atataka kumfukua, au atataka damu. Uliniambia hilo nilibebe kimya mpaka nitakapokuwa na binti wa ndugu yangu.

Nimelibeba. Lakini baada ya siku ya kisiwani nilijiuliza nitamwacha vipi Baba apande kilima na mashine ile. Nilitaka nikuombe ruhusa, nikaona barua na jibu lake ni zaidi ya mwezi, na yeye atakuwa ameshafika. Nikasema labda akijua ataogopa. Labda atawaonea huruma. Yeye ni mtoto wao.

Jumatano jioni nilimkuta barazani anaanika mashati. Nikasimama upande wa sikio linalosikia.

"Baba, pale Lihungwe usipime."

"Kwa nini?"

Sikuwa na njia ya kuzunguka. Nilimwambia, Shangazi. Si vyote, lakini nilimwambia kuna watu wetu, na kuna mnyororo, na sisi wanawake ndio tunaofagia.

Aliacha kuanika, shati likidondosha maji kwenye miguu yake. Nikadhani limemwingia. Nilifurahi hata. Kisha akauliza, "Mnafagia upande gani? Wa mlango mkubwa, au huku kwenye mikaratusi?"

Sikujibu. Lakini nadhani macho yangu yalijibu, maana aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepata hesabu yake.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Dada Odilia miaka yote hiyo. Nilikuwa naona mnapotea kila Novemba, nikadhani ni mambo yenu ya unyago."

"Baba, ni mnyororo tu."

"Martina, mwanangu. Nani analinda mnyororo miaka tisini? Hayo ndiyo maneno waliyofundishwa bibi zenu wayaseme, ili watu waogope. Mjerumani alikuwa na akili. Na hata kama ni mnyororo, tutaona ni mnyororo, tutafukia, tutamwita Padre abariki. Nani ataumia?"

Wewe ungemjibu. Alinipangusa uso kwa kile kishati kibichi, akaniambia nimefanya vizuri kumwambia, na kesho yake aliniletea mwavuli wenye maua. Mwavuli huo uko kwenye kona ya chumba na sijaufungua hata mvua inaponyesha.

Hivyo nilitaka kumzuia, na badala yake nimemwonyesha mahali. Kabla ya Jumatano alikuwa na kilima kizima cha kutafuta. Sasa ana upande wa mikaratusi.

Ataondoka huku mzigo ukishapakiwa, katikati ya Septemba, nami nitakuwa naye. Ameshasema tukifika Songea tutalala siku moja tu. Barua hii anaibeba Mama Agape, anaruka Jumanne, na dereva wa basi la Mbeya ni shemeji yake, ataifikisha Songea na kuiacha kwa Masista. Sikumwambia kilichomo. Alinitazama tu akasema, "Binti, bahasha nzito hii," akaitia ndani ya Biblia.

Sasa nisikilize. Najua wewe unaweza kumsimamisha mdogo wako mlangoni na kumkemea, na labda atainamisha kichwa. Lakini ataenda alfajiri nyingine. Unamjua. Kwa hiyo pamoja na kumkemea, naomba mfanye hivi.

Msisubiri Novemba. Waite mabinti wa ukoo mara upatapo barua hii, na mwende kilimani mkiwa na chuma. Chochote mtakachopata, misumari ya kutu, vifuniko vya soda, makopo, majembe yaliyovunjika, mabati yaliyooza kwenye paa la zamani la shule. Pale karakana ya misheni kuna pipa zima la mabaki, mwambieni fundi ni ya kuzuia fuko. Mpande kilima chote, kama mnavyopanda ulezi, mkirusha na kufukia. Kina cha kidole kinatosha, mashine inakililia zaidi kilicho karibu. Msipande upande wa mikaratusi peke yake, maana atajua. Pandeni mlangoni, pandeni njiani, pandeni mpaka kwenye mawe yale aliyopiga picha Mzungu. Mkimaliza fagieni kilima chote, si mahali pamoja, na nyunyizeni unga kila mahali, ili hata macho yake yasiwe na pa kushika.

Mashine ile haijui kutofautisha msumari na rupia. Wala na mnyororo. Nimeivaa masikioni, mlio ni mmoja tu. Ikilia kila mahali, atachimba siku ya kwanza, atachimba ya pili, kisha atasema pamechafuka. Nilimsikia akisema.

Juu yao wenyewe msiweke kitu. Wana chuma cha kutosha.

Usinikasirikie sana, Shangazi, au nikasirikie lakini uende kwanza. Nikija nitapiga magoti, na kama utasema sifai tena kufagia, nitakubali.

Nisalimie Bibi, umwambie nimemnunulia kitambaa cha kichwa cha zambarau. Msalimie Mama ukienda Songea, lakini hili usimwambie. Msalimie Theophil, na watoto wake, na yule mbuzi wangu mweupe kama bado hajaliwa. Mutua naye anasalimia, ingawa hakujui. Anasema mtu aliyemlea Mzee Salva anastahili pole.

Mungu awaweke salama katika kilima hicho, walio juu yake na walio chini.

Siku tutakayopanda, Baba atashika fimbo na mimi nitavaa hedifoni, kwa kuwa yeye hasikii. Msipowahi, nitakuwa mtu wa kwanza kuwasikia tangu siku ile walipofunikwa. Sitaki kuwasikia, Shangazi. Wahini.

Mimi binti wa mdogo wako, nikupendaye na kukulilia,

Martina